Udongo Mmoja, Majibu Manne: Kuchagua Njia ya Kutathmini Hatari ya Metali

Maabara imerudisha karatasi. Aseniki miligramu 20 kwa kila kilo ya udongo, kadimi 0.6, risasi 300. Aliyepeleka sampuli alitaka kujua jambo moja tu, kama pale ni pa hatari au la, na karatasi haisemi. Akianza kutafuta tafsiri anakuta njia kadhaa, kila moja na fomula yake, na zikipewa namba zilezile hutoa majibu yanayopishana. Kuna itakayomwambia aseniki yake ni ya kawaida kabisa. Nyingine itamwambia imezidi kikomo cha mtoto mara nne. Na zote mbili zimepiga hesabu sawasawa.

Namba hizo ni za mfano, nimezipanga ili zitumike makala nzima. Njia ninazozilinganisha ni nne: faharisi za uchafuzi, hesabu ya dozi kwa binadamu, vipimo vya kiasi kinachoweza kufyonzwa, na upimaji wa viumbe wenyewe, iwe ni damu ya mtoto au nyungunyungu ndani ya chupa ya maabara. Mkemia atasema aseniki si metali kamili. Ni kweli, lakini katika kazi hii huwekwa kundi moja na risasi na zebaki, nami nafuata desturi hiyo.

Vigezo

Kila njia nitaiuliza mambo manne. Kwanza, inajibu swali gani: metali imeongezeka, inaingia mwilini, au imeshadhuru? Hayo ni maswali matatu, na ripoti nyingi zenye utata zimejibu moja huku zikidai zimejibu yote. Pili, inadai nini kwa upande wa vifaa, muda na ruhusa. Tatu, inapotosha wapi. Nne, inamfaa nani. Gharama sikuipa kigezo chake kwa kuwa inafuata ya pili.

Kabla ya hayo yote kuna sampuli, na hapa haijalishi utachagua njia ipi. Ukichota udongo hadi kina cha sentimita 20 ukauchanganya, umepata habari za mizizi, si za mtoto anayecheza chini, kwa sababu yeye hugusa sentimita moja au mbili za juu. Chembe laini ndizo zinazonata kiganjani. Ndiyo maana Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, tangu 2016 linapendekeza udongo unaopimwa risasi kwa ajili ya afya uchekechwe kwa chekeche la mikroni 150 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), badala ya 250 iliyokuwa ikitumika. Wanaochunguza mashapo ya mito na maziwa mara nyingi hushuka hadi mikroni 63, kwa kuwa metali hushikamana na tope laini kuliko mchanga. Chekeche likibadilika, namba nayo inabadilika, na hakuna fomula itakayolirekebisha hilo baadaye.

Njia ya kwanza: faharisi za uchafuzi

*Inajibu nini.* Faharisi hulinganisha kiasi kilichopo leo na kile ambacho kingekuwepo kwa asili. Inayotumika sana ni Igeo, aliyoitoa mtafiti Müller mwaka 1969: unagawa kiasi ulichopima kwa kiwango cha asili kilichozidishwa kwa 1.5, kisha unachukua logi ya msingi wa 2. Ile 1.5 ni posho ya tofauti za kawaida za miamba. Matokeo hupangwa katika madaraja saba, kuanzia 0, yaani pasafi, hadi 6. Faharisi ya urutubishaji hugawa kwanza kila metali kwa alumini au chuma, ili udongo wenye mfinyanzi mwingi usionekane mchafu kwa sababu tu una chembe laini nyingi. Kisha kuna faharisi ya hatari ya kiikolojia ya mtafiti Hakanson, ya mwaka 1980, ambayo huipa kila metali uzito wa sumu yake: zebaki 40, kadimi 30, aseniki 10, risasi na shaba 5, kromi 2, zinki 1.

*Inadai nini.* Kidogo sana, na hilo ndilo limeieneza. Unahitaji jumla ya metali na namba ya asili. Hata kifaa cha mkononi cha eksirei kinaweza kukupa sehemu ya data ukiwa palepale shambani, ingawa kadimi ya kiwango cha mfano wetu hakiioni. Pia mstari mkuu wa aseniki unakaribia kugongana na wa risasi, kwa hiyo penye risasi nyingi usiiamini aseniki yake bila kuithibitisha maabara.

*Inapopotosha.* Hapa pana mengi. Kubwa kuliko yote ni hiyo namba ya asili. Chukua kadimi yetu, 0.6. Ukitumia wastani wa mwamba wa sheli (mwamba wa tope lililogandamana) uliochapishwa na Turekian na Wedepohl mwaka 1961, yaani 0.3, Igeo ni 0.4 na udongo uko daraja la 1, karibu safi. Ukitumia wastani wa tabaka la juu la ganda la dunia, 0.09, Igeo ni 2.15 na udongo umeruka hadi daraja la 3. Kwa Hakanson, uchaguzi huohuo unaipandisha kadimi kutoka 60, hatari ya wastani, hadi 200, hatari kubwa. Udongo haujabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kitabu alichofungua mwandishi wa ripoti. Tiba yake inajulikana: pima kiwango cha asili cha eneo lenyewe, kwa kuchimba chini ya tabaka lililochafuliwa au kwa kuchota mahali jirani penye mwamba uleule na pasipo na shughuli. Ripoti isiyosema ilitumia namba gani ya asili, na kwa nini, sioni sababu ya kuisoma zaidi ya ukurasa wa matokeo.

La pili husahaulika hata na waandishi wazoefu. Hakanson aliijenga faharisi yake kwa mashapo ya maziwa, na kwa vichafuzi vinane, kimojawapo kikiwa kundi la PCB, kemikali za viwandani zenye klorini. Uzito wa vyote nane ukijumlishwa ni 133, na mpaka wa chini wa hatari kwa jumla ni 150. Mpaka huo una maana ukiwa umepima vinane. Ukipima shaba, zinki, risasi na kromi peke yake, jumla ya uzito ni 13 tu. Uchafuzi utalazimika kufika karibu mara 12 ya asili kwa metali zote nne ndipo uguse 150. Hapo utaandika «hatari ndogo» kwa sababu hukupima zebaki wala kadimi. Anayetumia metali chache anapaswa kuishusha mipaka kwa uwiano, na anayetumia faharisi hii kwa vumbi la barabarani akubali kwamba ameihamisha mbali na kwao.

La tatu ni la maabara. Mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya hidrokloriki hauyeyushi silikati zote, ilhali wastani wa ganda la dunia unahesabu kila kitu kilichomo kwenye mwamba. Kuvilinganisha viwili hivyo, hasa kwa alumini na kromi, ni kupima upande mmoja kwa mizani nyingine.

Kwa aseniki yetu, Igeo kwa wastani wa sheli, yaani 13, inatoka 0.04, na kwa Hakanson inapata 15 wakati mpaka wa hatari ndogo ni 40. Yaani hakuna la kushtua. Risasi 300 inapanda daraja la 4 kwa Igeo, uchafuzi mkubwa, lakini kwa Hakanson inapata 75, hatari ya wastani. Hata faharisi zenyewe kwa zenyewe hazisemi lugha moja.

*Inamfaa nani.* Anayetaka ramani: wapi pamechafuka kuliko wapi, chanzo kiko upande gani, hali imebadilikaje kati ya tabaka la miaka ya zamani na la sasa. Kwa kazi hiyo ni hodari. Haifai kumwambia mzazi kama mtoto wake yuko salama, kwa kuwa hakuna mtu ndani ya fomula.

Njia ya pili: hesabu ya dozi kwa binadamu

*Inajibu nini.* Mtu wa aina fulani, akiishi hapa kwa muda fulani, atapata kiasi gani cha metali kwa siku, na kiasi hicho kikoje ukilinganisha na dozi inayohesabiwa kuwa haina madhara? Ukigawa dozi kwa kikomo unapata uwiano wa hatari. Chini ya 1 hakuna wasiwasi mkubwa, juu ya 1 inabidi kuangalia zaidi. Kwa saratani hesabu ni nyingine: dozi ya maisha yote huzidishwa kwa kipeo cha saratani, yaani namba inayokadiria uwezekano wa saratani kwa kila kiasi cha dozi, na EPA kwa kawaida huvumilia matokeo yaliyo kati ya mtu mmoja katika milioni na mmoja katika 10,000.

*Inadai nini.* Data ya metali, pamoja na rundo la makadirio kuhusu watu: uzito wa mwili, siku za mwaka wanazokuwepo, udongo unaoingia mdomoni, maji wanayokunywa, chakula wanacholima hapo. Makadirio ya EPA yanayonakiliwa kila mahali ni mtoto wa kilo 15, anayemeza miligramu 200 za udongo kwa siku, siku 350 kwa mwaka.

Tuyaweke kwa aseniki yetu. Miligramu 20 kwa kilo, mara miligramu 200 za udongo, ni miligramu 0.004 kwa siku. Ukigawa kwa kilo 15 na kurekebisha siku, unapata takriban miligramu 0.00026 kwa kila kilo ya mwili. Kwa miaka mingi kikomo cha EPA kilikuwa 0.0003, kwa hiyo uwiano ni 0.85 na ripoti inafungwa kwa amani. Januari 2025 EPA ilikamilisha mapitio yake ya aseniki na kukishusha kikomo hadi 0.00006. Uwiano sasa ni 4.3. Kipeo cha saratani nacho kilipanda kutoka 1.5 hadi takriban 32. Mtoto aliyeishi hapo miaka sita, dozi yake ikisambazwa katika miaka 70, anatoka kwenye watu 3 katika 100,000 hadi 7 katika 10,000, nje ya kiwango kinachovumiliwa. Mtu akikuletea tathmini ya aseniki, swali la kwanza ni: imetumia kikomo cha mwaka gani?

*Inapopotosha.* Tumeshaona kwamba kikomo hutembea. Lakini risasi ndiyo inayonikera zaidi. EPA haina kikomo cha dozi ya risasi, kwa sababu hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema vivyo hivyo. Hata hivyo utakuta makala nyingi zikitumia 0.0035 kama kikomo cha risasi. Asili ya namba hiyo ni kiwango cha wiki cha mikrogramu 25 kwa kilo ya mwili, ambacho kamati ya wataalamu wa viongezeo vya chakula ya FAO na Shirika la Afya Duniani ilikifuta mwaka 2010 baada ya kuona hakilindi afya. Uwiano wa hatari wa risasi unaotoka 0.9 kwa njia hiyo hauna maana yoyote. Kwa risasi, tumia modeli ya EPA ya watoto chini ya miaka saba, inayokadiria risasi ya damu kutoka kwenye udongo, vumbi, maji, hewa na chakula.

Kisha kuna kujumlisha. Watu huchukua uwiano wa metali zote, wakaujumlisha, wakatangaza jumla. Kadimi huharibu figo, manganizi hushambulia mfumo wa neva, na kujumlisha viwili hivyo ni tahadhari ya kwanza tu. Jumla ikizidi 1, zipange upya kwa kiungo kinachodhurika.

Na hesabu hii haimjui samaki wala ndege. Shaba ni mfano mzuri: Shirika la Afya Duniani linaruhusu mikrogramu 2,000 kwa lita ya maji ya kunywa, kiwango ambacho viroboto-maji (vijidudu vidogo vya majini) na samaki wengi wadogo wakiwekwa ndani yake wasingeiona kesho.

*Inamfaa nani.* Afisa wa afya, mshauri wa mradi, au jamii inayojadiliana kuhusu kiwango cha usafishaji. Uzuri wake ni kwamba kila dhana iko hadharani. Ukiona mtoto wa kwenu hamezi udongo miligramu 200 bali hunywa maji ya kisima chenye aseniki, badilisha mstari huo na uendelee.

Njia ya tatu: kiasi kinachoweza kufyonzwa

*Inajibu nini.* Njia mbili zilizotangulia huchukua jumla ya metali kana kwamba yote inaingia mwilini. Haiingii. Wagonjwa hunyweshwa salfeti ya bariamu ili utumbo uonekane kwenye picha ya eksirei, nayo hupita ikatoka, ilhali kabonati ya bariamu imetumika kama sumu ya panya. Bariamu ni ileile, tofauti ni uyeyukaji. Risasi iliyo kwenye madini ya galena huyeyuka kidogo tumboni kuliko ile ya kabonati. Kromi yenye chaji ya tatu na ya sita ni kama vitu viwili tofauti kwa mwili, na ile ya sita ikivutwa kwa pumzi husababisha saratani.

*Inadai nini.* Maabara yenye nidhamu. Kwa afya ya binadamu hutumika tumbo la bandia: udongo uliochekechwa huwekwa kwenye asidi yenye glisini, pH 1.5, nyuzijoto 37, kwa saa moja, kisha hupimwa kilichoyeyuka. Ni rahisi kuliko linavyosikika. Kwa ikolojia kuna uchimbuaji wa hatua kwa hatua wa Tessier wa mwaka 1979, unaoigawa metali katika mafungu matano: inayobadilishana kwa urahisi, iliyoshikwa na kabonati, na oksidi za chuma na manganizi, na mabaki ya viumbe, na iliyofungwa ndani ya madini. Mafungu mawili ya mwanzo yakizidi nusu ya jumla, hatari huhesabiwa kuwa kubwa mno. Kwenye mashapo yasiyo na oksijeni huangaliwa salfaidi, aina ya salfa inayoshika metali: ikizidi metali zinazoweza kuunganishwa nayo, metali hizo huwa zimefungwa. Sampuli hiyo lazima ikingwe na hewa tangu inapochotwa, la sivyo salfaidi huoksidika njiani na utapima kitu ambacho hakikuwepo mtoni.

Kwa maji kuna modeli inayokadiria shaba itakayofika kwenye mashavu ya samaki baada ya kushindana na kalsiamu na kushikwa na kaboni iliyoyeyuka. EPA iliichukua kwa vigezo vya shaba mwaka 2007. Inataka vipimo vya maji kama kumi, kuanzia joto na pH hadi klorini ya chumvi.

*Inapopotosha.* Picha ni ya siku ile. Shamba likifurika, oksijeni huisha, oksidi za chuma huyeyuka na kuachia aseniki iliyokuwa imelala. Kadimi hufanya kinyume: kwenye mafuriko hushikwa na salfaidi, maji yakikauka huachiliwa. Mkulima wa mpunga anayeyakausha maji kupunguza aseniki anaweza kuongeza kadimi kwenye punje. Mafungu ya Tessier nayo si vyumba halisi vilivyomo ndani ya udongo. Ni matokeo ya kemikali zilizotumika, na metali iliyoachiwa hatua moja inaweza kunata tena kabla ya hatua inayofuata. Tumbo la bandia limethibitishwa vizuri kwa risasi na aseniki. Kwa metali nyingine, lichukuliwe kwa uangalifu.

Kuna na hatari ya kimaadili, na sioni aibu kuitaja. Njia hii karibu kila mara hushusha namba, ndiyo maana wenye migodi huipenda. Aseniki yetu: EPA isipokuwa na data ya eneo hukadiria asilimia 60 kwa udongo, na uwiano wa 4.3 unashuka hadi 2.6. Maabara ikionyesha asilimia 30, unafika 1.3. Huko si kudanganya, ni usahihi zaidi. Lakini anayeshusha kwa njia hii aonyeshe sampuli nyingi, si moja iliyokuja vizuri.

*Inamfaa nani.* Aliyekwisha kupata jibu la kutia wasiwasi na sasa anataka kujua kama ni lazima kuhamisha tani za udongo. Kuanzia hapa, bila kwanza kupima jumla ya metali, ni kupoteza fedha.

Njia ya nne: kuwapima viumbe wenyewe

*Inajibu nini.* Imeshaingia? Imeshadhuru? Kwa binadamu hupimwa damu, mkojo, nywele. Kwa mazingira, kome wanaokusanya metali mwilini, samaki, au majaribio ya sumu: nyungunyungu siku 14 ndani ya udongo husika, viroboto-maji saa 48 ndani ya maji.

*Inadai nini.* Kwa binadamu, ruhusa ya kimaadili, ridhaa ya mzazi, mtu wa kuchukua damu bila kuichafua, na mpango wa nini kitafuata matokeo yakiwa mabaya. Kumpima mtoto kisha kumrudishia karatasi tu ni vibaya kuliko kutompima. Lazima pia ujue metali hukaa wapi na kwa muda gani. Risasi kwenye damu hupungua nusu kwa muda wa mwezi hivi, ila ya mifupani hukaa miongo. Aseniki kwenye mkojo huonyesha siku chache zilizopita, na aliyekula samaki wa baharini jana atasoma juu kwa aseniki isiyo na madhara makubwa, kwa hiyo ama aache kwanza ama maabara itenganishe aina zake. Kadimi ya mkojoni husimulia miaka mingi. Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi na ni kumbukumbu nzuri ya methili-zebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni, lakini kwa metali nyingine vumbi la nje huharibu ushahidi.

*Inapopotosha.* Haikuonyeshi mlango. Damu ya mtoto ikiwa na risasi, inaweza kuwa imetoka kwenye udongo, rangi ya ukuta, sufuria, au betri zinazoyeyushwa na jirani. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nijeria, watoto wasiopungua 400 walikufa kwa risasi iliyotokana na kusaga mawe ya dhahabu majumbani. Damu ilithibitisha sumu, lakini ilibidi udongo wa vijiji upimwe na kuondolewa kwanza, kwa sababu mtoto anayesafishwa damu kisha akarudishwa kwenye ua uleule anaanza upya.

Pili, inaweza kuchelewa. Kuvunjika mifupa kwa kadimi kando ya Mto Jinzu, Japani, kulitambuliwa rasmi na serikali kuwa ugonjwa wa uchafuzi mwaka 1968, baada ya miongo ya maumivu. Lakini viumbe wengine waweza kutangulia: kule Minamata paka walionekana wakiyumba na kudondoka kabla ya ugonjwa wa binadamu kuripotiwa rasmi mwaka 1956. Na hakuna faharisi ya mashapo ingeutabiri ukubwa wa janga lile, kwa kuwa methili-zebaki hujilimbikiza ikipanda kutoka mwani hadi samaki mla samaki, hatimaye mezani.

Majaribio ya maabara yana kasoro yao pia. Chumvi ya metali iliyomwagwa jana kwenye udongo safi ni kali kuliko metali iliyozeeka ardhini miaka 30, na nyungunyungu wa maabara si wale wa mahali penye uchafu waliokwisha kuzoea.

*Inamfaa nani.* Penye dalili, penye malalamiko ya ugonjwa, penye samaki wanaoliwa kila siku, au mahakamani, ambako jaji atauliza nani amedhurika.

Basi uanze wapi?

Mwanafunzi mwenye mwaka mmoja na sampuli 40 za mashapo: faharisi, na kiwango cha asili cha palepale. Fedha ikibaki, usiongeze sampuli. Peleka kumi kati ya hizo kwenye uchimbuaji wa hatua, na nyingine chache kwa nyungunyungu au viroboto-maji. Mwaka 1985 Long na Chapman walipendekeza mashapo yaamuliwe kwa ushahidi wa aina tatu pamoja, yaani kemia, sumu, na hali ya viumbe wa chini ya maji, na pendekezo hilo bado linawashinda wengi wanaotegemea namba moja.

Kisima cha kunywa: achana na faharisi zote. Linganisha moja kwa moja na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani: aseniki 10, risasi 10, kadimi 3, zebaki isokaboni 6, kromi 50, zote mikrogramu kwa lita. Ikizidi, tafuta maji mengine huku hesabu ya dozi ikiendelea.

Kiwanda cha betri kilichofungwa karibu na shule: usisubiri ripoti. Pima udongo wa juu na vumbi la madarasani, na kwa wakati huohuo damu ya watoto, mradi mganga wa kuwafuatilia yupo. Kwa Marekani kipimo cha damu kinachomwingiza mtoto kwenye ufuatiliaji ni mikrogramu 3.5 kwa desilita tangu 2021. Shirika la Afya Duniani mwaka huohuo liliweka 5 kuwa kiwango cha kutafuta chanzo na kukiondoa.

Jamii ya wavuvi chini ya machimbo yanayotumia zebaki: minofu ya samaki wakubwa na nywele za wanawake wenye umri wa kuzaa. Mashapo yatasaidia baadaye kuonyesha chanzo, lakini yakitoka daraja la 1 yasimtulize mtu.

Eneo oevu lisilo na wakazi: hesabu ya dozi kwa binadamu haina kazi hapo. Salfaidi, majaribio ya sumu, na orodha ya wadudu wa tope wanaokosekana.

Ukirithi ripoti ya mtu mwingine na huna uwezo wa kupima upya, tafuta ndani yake vitu vitano: kina cha sampuli, ukubwa wa chekeche, asidi iliyotumika, namba ya asili, na mwaka wa vikomo. Vikiwepo vyote, utaweza kuipiga hesabu upya kwa njia nyingine jioni moja, kama tulivyofanya na ile miligramu 20. Visipokuwepo, mwandikie mwandishi umuulize kabla ya kuinukuu.